Slaidi Ipimwe Kutoka Kiti cha Mwisho

Anayetengeneza slaidi huwa amekaa nusu mita kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Anayeisoma huenda yuko mita 12 kutoka ukutani, tena anatakiwa kusoma huku akisikiliza. Slaidi nyingi mbaya zimeharibikia hapo, wala si kwenye uchaguzi wa rangi.

Kuna kipimo rahisi. Chukua umbali wa kiti cha mwisho, ugawe kwa kimo cha picha itakayoonekana ukutani. Kiti kikiwa mita 12 na picha ina kimo cha mita 1.5, jibu ni 8. Sasa fungua slaidi ijae kioo chote cha kompyuta yako na upime kimo chake. Tuseme ni sentimita 18. Zidisha kwa 8, unapata sentimita 144. Simama umbali huo na usome. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona mtu wa nyuma kabisa. Ukianza kukaza macho, yeye atakuwa ameshakata tamaa na kutoa simu.

Ushauri wa "usishuke chini ya pointi 24" kwa ukubwa wa herufi ni mzuri, ila una mtego. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina kimo cha inchi 7.5, yaani pointi 540. Ile ya Google Slides ina inchi 5.625, yaani pointi 405. Kwa hiyo herufi za pointi 24 za Google Slides zikifika ukutani ni sawa na pointi 32 za PowerPoint. Namba peke yake haikwambii kitu, angalia herufi imechukua sehemu gani ya kimo cha slaidi. Mtego wa pili ni programu kupunguza herufi yenyewe kila unapoongeza maneno. Unaanza na 28, unaongeza mistari miwili, unajikuta kwenye 18 bila kugundua. Zima mpangilio huo kwenye kisanduku cha maandishi. Maneno yakigoma kuenea, hayo yamezidi, yapunguze au fungua slaidi ya pili.

Kuhusu wingi wa maneno, sababu ni moja tu. Mtu hawezi kusoma sentensi moja na wakati huohuo kusikiliza nyingine. Ukiweka aya ukutani, wasikilizaji wataisoma na kuimaliza kabla yako, halafu watakusubiri uwasomee walichokwisha kusoma. Maelezo yaende kwenye sehemu ya maandishi ya mzungumzaji, chini ya slaidi. Na kama kuna watu wanaotaka faili la kusoma wakiwa peke yao, waandikie waraka. Faili moja likitumika kama waraka na kama slaidi, huharibu kazi zote mbili.

Kinachobaki juu ya slaidi ni kichwa, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote. "Mauzo ya robo ya tatu" ni jina la folda. "Mauzo yameshuka kwa sababu wateja wa zamani hawarudi" ni hoja, na ukishaiandika unajua papo hapo ni grafu gani inayohitajika chini yake na zipi za kutupa. Kichwa kisizidi mistari miwili. Ukishindwa kukiandika kama sentensi kamili, huenda slaidi yenyewe haina la kusema.

Grafu inayotoka kwenye programu ya hesabu huja na mapambo ambayo hayakuombwa. Anza kuondoa: mistari ya gridi, fremu, kivuli, umbo la 3D. Hilo la mwisho si suala la urembo tu. Kwenye chati ya duara iliyolazwa, kipande cha mbele huonekana kikubwa kuliko thamani yake. Kisha futa kisanduku cha ufunguo, kile kinachoeleza rangi ipi ni ya nini, na uandike jina pembeni mwa kila mstari, ili jicho lisipige safari za kwenda na kurudi. Paka kijivu kila kitu isipokuwa nguzo au mstari unaouzungumzia. Panga nguzo kwa ukubwa, si kwa alfabeti, isipokuwa kama ni miezi au miaka. Nguzo lazima zianzie sifuri: ukizikata zianzie 90, basi 96 itaonekana mara tatu ya 92. Grafu ya mstari haina sharti hilo. Na 48,317.62 iwe 48,000. Ukutani hakuna anayehitaji hizo senti.

Projekta haiwezi kutupa mwanga mweusi. Nyeusi ya slaidi ni mahali ambapo projekta haikuangaza, kwa hiyo haiwezi kuwa nyeusi kuliko ukuta wenyewe ulivyo wakati huo. Taa zikiwa zimewaka, usuli mweusi hugeuka kijivu na maandishi hufifia. Ndiyo maana kwenye chumba chenye mwanga maandishi meusi juu ya nyeupe huvumilia zaidi, na usuli wa giza uachiwe ukumbi wa giza. Miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, inataka uwiano wa utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wa angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Kwa projekta, lenga juu zaidi. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha vitu, maana wapo wasioweza kuzitenganisha. Bluu na rangi ya machungwa ni salama zaidi.

Nembo kwenye kila slaidi? Hakuna aliyesahau yuko kwenye kikao cha nani. Iache kwenye slaidi ya kwanza na ya mwisho tu.

Kabla ya siku yenyewe, uliza projekta ni ya umbo gani. Slaidi ya 16:9 (upana kwa kimo) ikioneshwa kwenye picha ya 4:3 hupata mistari myeusi juu na chini, na kimo chake hushuka hadi robo tatu. Mita 1.5 inakuwa karibu 1.1, na lile jibu la 8 linakaribia 11. Fonti ngeni zipachikwe ndani ya faili, la sivyo kompyuta ya ukumbini itaweka nyingine na mistari itavunjika. Beba na nakala ya PDF, ukijua kwamba humo vitu ulivyopanga vitokee kimoja kimoja vitatokea vyote kwa mpigo.

Ukiwa mbele, kitufe cha B kwenye PowerPoint huzima picha ili watu wakutazame wewe, na kuandika namba ya slaidi kisha Enter hukupeleka moja kwa moja huko, bila kupitisha slaidi 20 mbele ya watu mtu akiuliza swali.