Kutoa kwa kukopa: fungu lifunguliwe kwanza

Mtoto anayechelewa kujifunza akipewa 32 − 15, mara nyingi huandika 23. Habahatishi: kwenye mamoja ametoa 2 katika 5, kwa kuwa 5 ndiyo kubwa. Kumwambia "kopa jirani" hakumsaidii, maana hakioni kinachokopwa.

Huku Dodoma, baada ya mavuno, mabua ya mtama hayakosekani. Menya ganda (linakata vidole), kata vijiti 40 vya urefu wa kidole, funga kumikumi kwa mpira. Panga mafungu 3 na vijiti 2. Aondoe 5. Havitoshi! Basi afungue fungu moja, ahesabu: 12. Akiondoa 5 vinabaki 7. Kisha aondoe fungu 1, libaki 1. Jibu, 17.

Usimfungulie wewe. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu, kwa haraka tu.

Mtoto kiziwi umpe ishara kabla ya kugusa vijiti au baada yake, kwani macho hayawezi kufuata mikono yako na meza kwa pamoja. Mwenye usonji, vijiti vya rangi moja. Rangi nyingi huweza kumteka mawazo.

Daftari baadaye, na liwe la miraba: tarakimu moja kila chumba, la sivyo makumi na mamoja yatapishana.