Hotpoti na mlima

Vellore, India, Jumapili usiku

Leo mama mdogo amenifukuza. "Hebu nenda ukatembee, mwanangu, macho yako yananichosha." Wiki ya tatu sasa kazi yangu ni hiyo hiyo: kupika kwenye chumba cha kupanga, kufunga hotpoti, kuvuka barabara, kupanda ngazi hadi wodini kwake, kurudi na vyombo vitupu. Dada mmoja wa Mombasa anayemuuguza baba yake akakubali kunishikia zamu. Nikapanda basi la Tiruvannamalai, kilomita kama 80 hivi, maana dereva wetu wa bajaji hana hadithi nyingine ila mlima wa huko, Arunachala, na yogi wake wa zamani, mtawa wa Kihindu Ramana Maharshi.

Huyo Ramana alizaliwa Venkataraman. Agosti 1896, akiwa na miaka 16, alitoroka kwao Madurai. Kaka yake alikuwa amemtuma na rupia 5 za karo. Akachukua 3 za nauli, akaacha 2 pamoja na barua. Barua hiyo imeninasa. Inaanza na "mimi", halafu katikati mwandishi anajiita "hiki", kama anayezungumzia kitu, na mwisho badala ya jina kuna kistari tu. Mtu anajifuta kabisa, lakini anakumbuka kuwaambia kwamba karo haijalipwa na chenji ndiyo hii! Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Akafika Tiruvannamalai Septemba 1, akajichimbia kwenye chumba cha chini ya hekalu. Haongei, wadudu wanamtafuna mapaja, wala hana habari. Sasa mtu wa namna hiyo anaishije? Kuna waliomtia matonge mdomoni, ndivyo alivyoishi. Baadaye, kwenye pango la Virupaksha alikokaa tangu 1899, wenzake walishuka mjini na bakuli kuomba chakula. Na alikuwepo Echammal, mjane aliyezika mume na watoto, akapanda mlima na chakula siku baada ya siku, miaka nenda rudi, mpaka alipofariki 1945. Mimi wiki tatu tu za ngazi za hospitali nimeshaanza kulalamikia magoti.

Alikuwepo pia bibi kizee aliyechuma mboga za majani mlimani na kumpikia. Wafuasi wanaamini ndiye aliyezaliwa tena akawa Lakshmi, ng'ombe aliyeletwa ashramuni, yaani makazi ya Ramana na wafuasi wake, 1926 na kuzikwa humo humo 1948. Mimi Mwislamu, mambo ya kuzaliwa upya nawaachia wenyewe. Ila penye kaburi la yule ng'ombe nilisimama kitambo.

Mama yake, Alagammal, alimfuata mapema, mwaka 1898, akamsihi arudi nyumbani. Kijana akamjibu kwa maandishi: lisiloandikwa kuwa halitakuwa, hata lipiganiwe vipi. Nikimwandikia mama mdogo maneno hayo, sijui nitaponea wapi. Lakini 1916 mama akaja tena, mara hii kukaa. Wakahamia makao mengine, Skandashram, juu kidogo ya pango, naye akaanza kuwapikia. Alifariki Mei 19, 1922, mkono mmoja wa mwanawe ukiwa kifuani pake, mwingine kichwani.

Wakamzika chini ya mlima. Ramana akawa anashuka kila siku kuzuru kaburi, hata siku moja ya Desemba akashuka asipande tena. Kwa hiyo ashramu hii yenye tausi na kumbi za mawe ilianza kama kibanda cha makuti kilichojengwa juu ya kaburi la mama, na aliyelilinda ni yule yule aliyemtoroka.

Mwaka 1924 wezi waliwavamia usiku. Aliwazuia wafuasi wasipigane, wezi wakapewa hata taa ya kutafutia. Ramana alipopigwa paja, akawaambia kama hawajaridhika wapige na la pili. Hapo nilisita, mimi ningepiga yowe.

Kilichonivutia zaidi ni jiko. Huyo mtu waliyemwita Bhagavan, yaani Bwana, aliamka kabla ya alfajiri kukata mboga na wapishi, akigombeza atakayetupa hata maganda yanayofaa kulika. Alitaka chakula chake kiwe sawa na cha wengine. Lakini ukumbini Wabrahmini, watu wa tabaka la juu la Wahindu, walikula upande wao, pazia katikati, naye akaketi pale anapoonekana na pande zote. Watu wanalisimulia hilo kama hekima. Mimi bado nalitazama lile pazia.

Nimerudi saa tatu usiku. Mama mdogo alikuwa macho.

"Shikamoo, mama mdogo. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula, huyo mwenzio ana roho nzuri, Mungu ambariki. Ila choroko zake hazina nazi." Akageukia ukutani. "Kesho uje wewe."

Nimeshaziloweka.