Mwenye Haki na Mbwa Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu wiki hii ni Mithali 12:10: “Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili.”

Nusu ya kwanza haina shida. Hiyo ya pili ndiyo inayokwama kooni. Huruma inakuwaje ukatili? Mnaojua ninakofundisha, kwenye vijiji vya mto Kuskokwim, kusini-magharibi mwa Alaska, mtanivumilia nikijibu kwa habari za mbwa. Huku mbwa ni habari za kila siku.

Mto huganda Novemba hivi na hauachii mpaka Mei. Ukishaganda sawasawa unageuka barabara, magari yanapita juu yake. Desemba jua linatoka karibu saa tano asubuhi, na kufika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Kipimo kinaweza kushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri, na upepo wa nyika hii haukuti mlima wala msitu wa kuuzuia. Sisi tuliokulia Rungwe tukijisifia baridi ya Juni, tunyamaze tu. Mtunga zaburi aliuliza, “Mbele ya baridi yake ni nani awezaye kusimama?” (Zaburi 147:17). Kwa ninavyoona mimi, mbwa wanajitahidi.

Jirani yangu ni Myup'ik, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, mzee wa kanisa, na bado anafuga mbwa wa kukokota sleji, kile chombo cha kuteleza juu ya theluji. Kabla hajaonja chai anawasha moto chini ya pipa la mafuta lililokatwa nusu. Anatia mabonge ya barafu aliyoyavunja mtoni, anangoja yayeyuke, kisha samaki wakavu, mafuta, na mchele ukiwepo. Anakoroga kwa mti mrefu huku mbwa wote wakipiga kelele, kila mmoja juu ya kibanda chake. Kwanini ajisumbue hivyo? Kwa sababu kwenye baridi kali mbwa ukimpa maji matupu mara nyingi atayanusa na kugeuka, na akila theluji kukata kiu, mwili unapoteza joto jingi kuiyeyusha. Kwa hiyo maji yanapewa ladha ya samaki, yakiwa vuguvugu, na mbwa anayalamba mpaka chini bila kujua kwamba amenyweshwa. Akichelewa kumaliza, yanaganda. Mzee analigonga bakuli kwa kisigino cha buti, barafu inadondoka, anamimina mengine.

Halafu anapiga magoti kwenye theluji na kuingiza mkono mzima ndani ya kibanda, mpaka begani. Anapapasa nyasi. Zikiwa zimelowa kwa pumzi ya mbwa anazitoa zote na kuweka kavu. Anainua mguu mmoja mmoja, anapanua vidole, anaangalia kama kuna barafu iliyoshikamana na manyoya katikati. Yote hayo gizani, kwa taa ya kichwani. Hana maneno ya kubembeleza. Kama mtu angempima kwa sauti yake, angesema hawapendi.

Sasa aje mgeni wa mjini. Anamkuta mbwa amejikunja kama kata, mkia umefunika pua, theluji imemfunika mwili mzima. Moyo unamuuma. Anataka amwingize ndani, amlaze karibu na jiko. Ni huruma ya kweli, hata machozi yapo. Lakini mbwa hawa wana manyoya ya tabaka mbili. Ndani ya nyumba yenye moto atahema kwa joto, na akizoeshwa humo ataanza kupukutisha yale manyoya mazito ya ndani. Siku akirudishwa nje, baridi inamkuta nusu uchi. Na ile theluji iliyomfunika, mradi amelala pakavu, ilikuwa inamtunzia joto. Mgeni alikuwa anaihurumia ngozi yake mwenyewe.

Sitamwita mwovu, Mungu apishe mbali. Lakini huruma isiyouliza chochote ikipewa ufunguo wa mlango, mbwa anaumia, na aliyemwumiza analala akijiona mwema. Hapo nusu ya pili ya mstari inaanza kumezeka.

Nasi tunaipenda sana huruma ya namna hiyo. Mara ngapi tumekwenda kumwona mgonjwa wa kisukari na kreti ya soda mkononi? Tunaimba, tunaomba, tunaondoka tumebarikiwa, na soda inabaki pale mezani inamtazama. Hakuna aliyemuuliza mkewe, “Dada, kwa kweli hapa kinahitajika nini?” Na huko nyumbani, yule mbwa anayefungiwa kutwa kwenye kibanda cha mbao ili usiku afunguliwe awe mkali: nani amechungulia leo kama ana maji? Mithali haijawahi kusema ufikirie uhai wa mnyama wa Alaska peke yake.

Kuna deni la historia pia. Wamisionari wa kanisa letu la Moravian walifika Bethel, mji mkubwa wa mto huu, mwaka 1885, miaka sita kabla ya wamisionari wetu kufika Rungwe mwaka 1891. Familia ya Weinland, mmoja wa wamisionari hao wa Bethel, ilibidi iondoke 1887 kwa sababu ya afya. John na Edith Kilbuck wakabaki. John alikuwa Mlenape, mwana wa wenyeji wa asili wa Amerika. Alijifunza Kiyup'ik na majira ya baridi alizunguka vijijini kwa sleji. Kwa hiyo Injili huku ilitembea kwa miguu ya mbwa, na sijui kama kuna aliyewahi kutoa shukrani madhabahuni kwa ajili yao. Mimi nimeshatoa. Watu walicheka kidogo, kisha wakasema amina.

Miaka ya 1960 zilianza kuingia pikipiki za theluji, na familia nyingi zikaacha mbwa. Waliobaki nao wana sherehe yao kila Januari, mashindano ya Kuskokwim 300 yaliyoanza 1980. Pete Kaiser, kijana wa Bethel, alishinda Iditarod, mashindano makubwa ya sleji za mbwa hapa Alaska, mwaka 2019, Myup'ik wa kwanza kufanya hivyo. Mkitaka kuona wazee wanavyong'aa, watajieni jina hilo.

Lakini chakula ni kigumu. Samoni aina ya chum ndiye aliyekuwa akikaushwa kwa wingi kwa ajili ya mbwa, na tangu 2021 amepungua vibaya, uvuvi ukawekewa vizuizi. Chakula cha dukani kinakuja kwa ndege, na bei yake mnaweza kuikisia. Jirani yangu amepunguza mbwa. Aliwagawa kwa watu wenye uwezo wa kuwalisha, akampeleka kila mmoja mwenyewe, akakagua nyasi za kibanda kipya kabla ya kurudi.

Tuombe.

Bwana, uliyewaumba samaki na mto wao, warudishe chum kiangazi kijacho. Walinde walio barabarani juu ya barafu usiku huu. Mkumbuke mzee huyu na magoti yake, maana yameanza kumsumbua. Na sisi tutakaokwenda hospitali Jumapili baada ya ibada, utupe kuuliza kwanza, ndipo tununue. Amina.