Nilidhani umeondoka

Wanaonifuata siku zote wanamjua Babu wa Lango, yule mfugaji wa ng'ombe anayekaa njia ya kwenda Noup Head (rasi ya majabali hapa kisiwani Westray, Orkney, kaskazini mwa Scotland), aliyenikataza mwaka jana kupita kwake na mwavuli (upepo ulimalizia maelezo). Anataka nimwite kwa jina lake la kwanza kana kwamba tulisoma pamoja. Mtu wa rika la marehemu baba! Mimi husema "habari za jioni" nikalikwepa. Basi Jumanne nimefika langoni na baiskeli, yeye kainama anakagua kwato ya ndama. Hakuinua kichwa.

"Wiki iliyopita hukupita."

"Nilikuwa zamu ya usiku."

"Nilidhani umeondoka."

Akafunga lango kwa ile kamba yake ya buluu, ikawa ndiyo basi.

Nimeyarudia maneno yale nikiosha vyombo, nikimpaka mtu mafuta ya miguu kazini, nikingoja kulipa dukani Pierowall. Kila nikiyarudia sauti yake inabadilika. Mara naisikia kama ya mtu aliyekuwa na wasiwasi. Mara ananisuta: nyinyi ndivyo mlivyo, mkionja baridi ya msimu mmoja mnapanda feri ya Kirkwall hamwonekani tena. Mara hakuna lolote, mzee alikuwa anawaza kwato tu.

Baba Nasra nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Mzee wa watu kakwambia alikukosa. Ulitaka akuandikie barua?" Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapahapa Westray, naye akaniambia kwa yule bwana hiyo ni hotuba nzima.

Labda. Ila wote wawili hawakugusa panaponiuma. Kwetu Pangani mtu asipoonekana siku mbili, mtoto anatumwa. "Hebu kamwangalie Mama Nasra, mwambie bibi anauliza kulikoni." Na mtoto anakuja na kibakuli cha kitu, ili ionekane alileta mchuzi, hakuja kuchungulia. Huyu aliona sipiti, akatafakari, akaamua nimeondoka, akaendelea na ng'ombe wake. Kisiwa kina watu 600 hivi! Angemuuliza yeyote yule angeambiwa mpaka rangi ya soksi nilizovaa kazini.

Wiki yenyewe imebeba makubwa kuliko haya, matokeo ya kidato cha sita yametoka na Nasra kapata daraja la pili, alhamdulillahi, na kazini bibi wa chumba cha mwisho ametutoka alfajiri ya Alhamisi nikiwa nimemshika mkono. Nitayaandika yote. Leo siwezi, leo bado niko pale langoni.

Jana jioni nikaenda tena. Naiita jioni, lakini ilikuwa saa tatu na nusu usiku na jua liko palepale juu ya bahari. Mwanzoni mwa Julai Magharibi huku huingia kwenye saa nne na nusu, na baada ya hapo anga haliwi jeusi hata kidogo. Habari ya Isha nilishaiandika, tusianze tena. Langoni hapakuwa na mtu. Nikafungua, nikapita, nikafunga, nikarudi kuhakikisha fundo la kamba limekaza, asije akapata la kusema.

Noup Head haina ukuta wala uzio wa maana. Unatembea juu ya majani mafupi, mara ardhi imekwisha, na maji yako chini zaidi ya mita 70. Mawe yamelala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limeacha kijirafu, kila kijirafu kina mpangaji. Harufu inakufikia kabla hujamwona ndege hata mmoja. Ganeti, wale weupe wakubwa wenye vichwa vya manjano, ni wageni hapa. Walianza kutaga mwaka 2003. Mafua ya ndege ya 2022 yaliwapukutisha Scotland nzima, lakini wapo, wanagombania nafasi kama kawaida, na hakuna anayedhani wameondoka. (Haya, nimelisema. Naliacha.)

Nilijibanza kwenye mnara wa taa kukwepa upepo. Unawaka tangu 1898, na tangu 1964 unajiendesha wenyewe bila mlinzi. Hapo nikakumbuka jambo alilonielekeza mzee huyohuyo kiangazi kilichopita, kwa uchache uleule wa maneno: ikifika Julai, jioni, usitazame juu, tazama majini. Nikasogea, nikalala kifudifudi mbali kidogo na ukingo. Mama, ukisomewa hili, ni mbali sana.

Chini, gilimoti madume, nao ni ndege wa baharini, walikuwa wanaelea wakiita kwa sauti nzito ya kukwaruza. Juu, kifaranga wa kama wiki tatu, hajaota mbawa za kumbeba, anajibu kwa kimluzi chembamba. Anasogea ukingoni, anarudi. Baba anaita. Anasogea tena. Wanasubiri mwanga ufifie kidogo, shakwe wakubwa wasiwaone. Kisha akajirusha. Kuruka si kuruka, ni kuanguka huku vijibawa vinapigapiga bure. Akagonga mwamba, nikapiga ukelele peke yangu kule, akadunda, akatua majini, na baba mtu akaogelea moja kwa moja hadi kwake. Mama hayumo katika safari hii. Wanaelekea bahari kuu wawili tu, na baba ndiye atakayemlisha wiki kadhaa mpaka ajimudu.

Nikacheka. Nikalia pia, mnanijua. Akajirusha mwingine, na mwingine, kila mmoja ana wake anayemwita, sijui wanatambuanaje katika makelele yale. Magharibi niliswalia kulekule. Kibla huku ni kusini-mashariki, kwa hiyo bahari unaipa mgongo, na ndege hawanyamazi kwa ajili yako.

Narudi ilikuwa karibu saa tano na nusu, na gazeti ningelisoma bila taa. Langoni nilipita bila hata kuangalia kama yupo, maana simu ilikuwa imeshika mtandao na picha ya ndugu yangu Hamisi ikaingia kutoka nyumbani. Mashine mpya, imefungwa kwenye mashua ya marehemu baba, yeye kasimama kando amekunja mikono. Mashine ile si ya pesa za dagaa. Nimemuuliza nani kakukopesha, kanijibu kwa kidole gumba. Nimemuuliza Mama, anasema hajui, na Mama akisema hajui huwa anajua. Pale bandarini kwetu yupo mtu anayekopesha kwa masharti yake, na ukishindwa kulipa hachukui mashine, anachukua mashua. Kesho nikitoka zamu nampigia wifi, kabla Hamisi hajamwahi.