Mlangoni Naenda na Judo, Ngumi Nimeziweka

Mimi ni baunsa wa baa moja hapa Malindi. Msimu wa wageni, Desemba hasa, wikendi haiishi bila mtu kukataa kutoka. Kazi hii niliingia na ndondi, na ndondi naiheshimu. Ila mlevi ukimtandika ngumi anakwenda chali, kisogo kinapiga sakafu, na wewe unalala kituoni. Kumjeruhi mtu kuna kifungu chake, cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, na jela yake yaweza kufika miaka 5. Tajiri wa baa hakuwekei wakili.

Ndipo nikatafuta judo. Jigoro Kano aliianzisha Japani mwaka 1882, na uti wa mgongo wake ni randori, yaani kushikana kwelikweli na mtu anayekupinga kwa nguvu zake zote, bila kuumizana. Mwili ukishazoea kuvutwa na kusukumwa namna hiyo, mtu akikukunja shati huoni jipya.

Juzijuzi mvuvi mmoja, pande la mtu, alidai bili yake imezidishwa.

"Ami, njoo nje tuyazungumze."

"Sitoki! Nitoe uone!"

Akanikamata kola. Nikashika mkono wa shati lake juu kidogo ya kiwiko, nikauvuta ukatishe kifuani kwangu huku mguu wangu ukipita ubavuni mwake. Nikawa mgongoni kwake, mikono nimeifunga kiunoni, shavu nimelibana kwenye bega lake asinipige kichwa. Ukiwa hapo ngumi zake zote zinakwenda hewani. Tukatembea hivyo hadi kwenye tuktuk.

"Basi niachie kaka, nishatulia."

Chini siendi naye. Najua mwaka 1993 mpiganaji Royce Gracie alichukua ubingwa wa kwanza wa UFC, yale mashindano ya kupigana ya Marekani, kwa kukaba watu waliomzidi mwili, lakini pale ulingoni hakukuwa na vipande vya chupa wala marafiki wa mpinzani wenye mateke. Nikianguka, nia yangu ni moja: kusimama. Kabali nayo sipigi kazini. Ikibana mishipa ya pande mbili za shingo, mtu huzimia ndani ya sekunde kama 10, na ukichelewa kuachia ni maiti. Kujinasua nayo lakini kila mtu ajue, maana wezi wa ngeta ndiyo silaha yao: kidevu chini upesi, mikono yote miwili iuvute ule mkono, uso ugeukie kiwiko chake. Akitoa kisu, mie mbio, na sioni haya.

Shida ya judo kwa pwani yetu ni nguo. Imejengwa juu ya koti zito la kushika, na huku vijana wanatoka ufuoni na singlendi, jasho linawatiririka, wanateleza kama samaki. Kwa hao nimeazima mishiko ya mieleka: kifundo cha mkono, shingo kwa nyuma, na mkono wangu chini ya kwapa lake. Jioni za mapumziko tunafanyia mazoezi mchangani, vifua wazi, na wa kwanza kuomba kuvaa fulana ndiye anayenunua maji.