Jumanne yangu moja Missenyi, baada ya tetemeko

Saa 11 alfajiri mvua iliniamsha. Nalala jikoni siku hizi, kwa sababu chumbani kwangu kuna ufa unaopitisha kiganja, na wiki hii ya pili tangu tetemeko nikisikia tone likipiga bati nawawaza waliolala chini ya migomba. Mvua za vuli Kagera hazimsubiri mtu ajenge kwanza.

Kwa aliye mbali: ilikuwa Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ukubwa wa 5.9. Kwa hesabu ya Serikali mpaka wiki hii wamekufa watu 17, na nyumba zaidi ya 2,000 zimeanguka. Ingekuwa usiku, watu wakiwa wamelala ndani, tungekuwa tunataja hesabu nyingine. Mimi ni mhudumu wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, katika usharika wa Kilutheri huku wilayani Missenyi, mkoani Kagera, na kazi yangu sasa ni orodha, maturubai na miguu.

Saa 1 asubuhi tulisali nje, chini ya mparachichi, maana ukuta wa madhabahuni umeinama na mchungaji amekataza mtu kuingia. Alisoma Zaburi ya 46. Alipofika pale pa milima kutetemeka moyoni mwa bahari, kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Aliyeandika hii alikuwa Missenyi." Tulicheka, na mchungaji naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichosikia kwenye ibada tangu siku ile.

Saa 2 na nusu nilitoka na fundi na mwenyekiti wa kitongoji kukagua nyumba. Fundi ni Mwislamu, anajitolea, na ndiye ninayemtegemea kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kosa lake moja ni ukuta juu ya mtoto wa mtu.

Nyumba nyingi tulizimaliza upesi: hii inakaliwa, hii ibomolewe, hii wapishi watoke jikoni leo hii. Tulikokaa ni kwa bibi mmoja anayeishi peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea bati au umeniletea Biblia?"

"Nimekuletea fundi."

"Basi karibuni."

Fundi alipigilia msumari juu ya ukuta wa mbele, karibu na paa, akaning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Tukasubiri kamba itulie. Juu ilikuwa imegusa ukuta, chini ikabaki nafasi ya vidole vinne. Akanionyesha pembe ya dirisha, ufa ulikoanzia na kupanda kwa mshazari hadi kwenye paa. Matofali mabichi, yameshikwa kwa udongo, na juu ya madirisha hamna linta, ule mkanda wa zege, wala nondo ya kuzifunga kuta nne pamoja. Nchi ikiyumba, kila ukuta unakwenda njia yake. "Huu unasimama kwa mazoea tu," alisema.

Ushauri wake ulikuwa kushusha bati na mbao kabla ukuta haujaanguka nazo, kisha kusimamisha kibanda cha miti pembeni. Bibi hakutaka. Mumewe amezikwa hapo hapo kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua chache nyuma yake. Nikamwambia kibanda kitakuwa ndani ya kibanja hicho hicho, hahamishwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwaka 1978 Amin tulimkimbia, tukavuka mto Kagera na mbuzi. Tetemeko unalikimbilia wapi?"

Halafu akaniuliza swali ambalo nimelisikia kila mahali. Kuna mhubiri alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba Mungu ametuadhibu. "Mimi nimekosa nini kuliko wa Dar es Salaam?"

Nilimwambia habari iliyo katika Luka 13, mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, na jinsi Yesu alivyouliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo.

"Kumi na wanane?" bibi akasema. "Karibu sawa na wa kwetu."

Akaruhusu bati lishushwe. Sidai kwamba ni Luka aliyemshawishi, huenda ni vile vidole vinne. Lakini wenye vipaza sauti nawaombea wawasome marafiki wa Ayubu: alipofikwa na misiba, siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walikuwa wachungaji wazuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Chakula cha mchana, ndizi na maharage, tulikula tukitembea.

Saa 8 tukagawa maturubai. Hayakufika hata nusu ya majina. Mezani walikaa mtendaji wa kijiji, sheikh na mimi, na majina yakasomwa kwa sauti, kila mtu akiyasikia: wazee wanaoishi peke yao, wenye watoto wachanga, wajawazito, wagonjwa. Dole gumba, turubai, anayefuata. Mama mmoja wa kwaya yetu alinijia na hasira. "Mwenye turubai lile haijui hata njia ya kanisani. Mimi naimba hapa kila Jumapili." Nilimjibu kwamba yule ana mapacha wa miezi miwili. Hakuridhika, na simlaumu, maana naye analala nje. Ila siku tutakapogawa kwa kadi ya usharika, nitaacha kazi hii.

Karibu saa 10 nchi ikatikisika tena kidogo. Wote tulikuwa nje tayari, na bado tulikimbia. Mtendaji alikimbia na muhuri mkononi.

Jioni nilipita kwenye familia iliyozika. Sikufungua Biblia. Akina mama walikuwa wanachambua maharage, nikavuta ungo nikachambua nao hadi giza lilipoingia. Aliyefiwa ndiye aliyeomba tusali, tukasali kifupi. Nasadiki ufufuo wa wafu, nautamka kila Jumapili katika Imani ya Mitume, lakini pale ungoni ulikuwa mzito kuutamka, na ndiyo maana nilishukuru kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Saa 2 usiku fundi akapiga simu. Amepata misumari ya kibanda cha bibi, anahitaji vijana wa kubeba miti kesho asubuhi. Nikampigia kiongozi wa kwaya ya vijana. Anasema watakuja, ila wapate uji. Unga wangu umelowa na mvua ya alfajiri, kwa hiyo namtumia ujumbe yule mama wa kwaya aliyenikasirikia, ambaye najua ana unga. Amejibu: "Nitaleta. Na jina langu uliandike vizuri safari hii."