Kumbukumbu ya mradi wangu: tableti zote 24 zimeingia

Leo saa tano na dakika kumi asubuhi tableti zote 24 za darasa langu zilifungua ukurasa mmoja kwa pamoja kutoka kwenye seva yetu, na hakuna hata moja iliyobaki ikizunguka. Naandika nikiwa bado maabara, kabla furaha haijapoa, maana wiki tatu nzima jambo hili limeninyima usingizi.

Mpangilio wa somo la saketi za umeme ni huu: Kidato cha Tatu, wanafunzi 48, nusu kwenye tableti na nusu kwenye betri na balbu za kushika kwa mkono, kisha wanabadilishana. Seva, yaani kompyuta inayozigawia tableti kurasa kwa wifi, ni ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki, na ndani yake nimeweka simulesheni za PhET (majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini) na furushi la GeoGebra (programu ya kuchora grafu) la kutumika bila intaneti. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na bado bando letu la darasani huisha kabla mwezi haujafika katikati. Ndiyo maana niliamua kila kitu kikae ndani ya chumba.

Sasa tatizo lenyewe. Tableti za kwanza zilikuwa zikiingia bila shida, halafu ni kama mtu kafunga mlango. Zilizobaki zinaiona wifi, zinakubali nenosiri, kisha zinazunguka tu mpaka kengele ilie. "Mwalimu, mbona yangu yazunguka tu?" Swali hilo nimelisikia hadi ndotoni.

Kwanza nilishuku ukuta. Jengo letu ni la zamani, la mawe ya matumbawe, na seva nilikuwa nimeifungia stoo. Nikaileta mezani, katikati ya darasa. Haikusaidia. Nikashuku joto, kwa sababu maabara yetu mchana ni tanuri. Nikaivua gamba lake na kuifungia feni ndogo. Hali ikabaki ile ile. Nikabadilisha chaneli ya wifi, kutoka 6 kwenda 1, kutoka 1 kwenda 11. Jumamosi nzima nikafuta kadi ya kumbukumbu na kupanga mfumo upya tangu mwanzo. Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakiningoja, mlango ukafungwa pale pale. Siku hiyo nilifundisha kwa chaki, na nilikuwa na uchungu kweli.

Jibu lililetwa na chaji. Msichana wa mstari wa mbele tableti yake ilizima, na papo hapo kijana wa nyuma akapaza sauti: "Yangu imefunguka!" Nikamwomba mwingine azime yake. Mwingine tena akaingia. Ilikuwa kama matatu iliyojaa: hapandi mtu mpaka ashuke mtu. Nikazima zote, tukaanza upya kutoka upande wa pili wa darasa, nikahesabu kwa sauti. Kumi. Tukarudia kutoka katikati. Kumi. Wiki zote hizo nilikuwa nikipima nguvu ya mawimbi, kumbe la kupima lilikuwa idadi ya viti.

Redio iliyo ndani ya kompyuta ile ndogo inahudumia vifaa vichache tu, basi. Dawa ilikuwa kwenye droo yangu nyumbani: ruta kuukuu yenye antena mbili. Nimeiunganisha na seva kwa waya, nikazima wifi ya seva yenyewe, na ruta sasa ndiyo inayopokea wageni. Kitu kimoja kilinila dakika arobaini: ruta na seva zote zilikuwa zikigawa anwani (namba ya kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao), tableti mbili zinapewa anwani moja na zote zinakwama. Zima ugawaji kwenye ruta, iachie seva kazi hiyo. Na kabla ya kugusa chochote kingine, hesabu ni vifaa vingapi vimeingia. Laiti ningefanya hivyo siku ya kwanza.

Na kazi yenyewe, je? Hapo ndipo napenda sana. Kwenye simulesheni ya saketi, ukiongeza balbu ya pili sambamba na ya kwanza, mwanga haupungui. Kwenye meza ya pili, kwa betri zetu zilizochoka, ulipungua waziwazi. Kundi moja likasema kompyuta inadanganya. Nikawaonyesha pale pa kuongeza ukinzani wa ndani wa betri, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kupita, wakaanza kuusogeza kidogo kidogo, mmoja akitazama skrini na mwenzake akitazama balbu halisi, mpaka zikalingana. Hakuna aliyewaandikia ubaoni kwamba betri ina ukinzani wake. Waliukuta wenyewe kati ya meza mbili. Tableti peke yake isingewafikisha hapo, wala balbu peke yake.

Ndiyo maana siku hizi sivutiwi na zana za maswali ya mbio, zenye muziki na orodha ya washindi. Darasa huchangamka, nakubali, lakini mtoto anayefikiri polepole hujifunza kubonyeza haraka tu. Mimi nataka kitu cha kusogeza, kuharibu na kusogeza tena.

Wiki hii nilipaswa kutengeneza maswali ya marudio. Sijayagusa. Kijana mmoja anayevuka Likoni kila asubuhi aliuliza kwa nini kuna siku mteremko wa kuingilia feri huwa mkali sana na siku nyingine karibu ni tambarare. Mteremko hufuata kujaa na kupwa kwa bahari, basi nikafungua GeoGebra pale pale. Wimbi la kwanza ni la mwezi, linarudi kila saa 12.42; la pili ni la jua, kila saa 12. Ukiyajumlisha, kuna siku yanasaidiana na siku yanapingana, na kwenye skrini bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yakajichora yenyewe, bamvua hadi bamvua siku 14.8 hivi. Nina wanafunzi ambao baba zao ni wavuvi, wanaojua bamvua tangu utotoni, nao wakanyamaza wakiutazama ule mstari ukivimba na kusinyaa.

Basi saketi zitasubiri kidogo. Nimechapisha jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, kila jozi imepewa siku mbili za kuingiza kwenye grafu, na wanaovuka feri wataandika saa ya kupita na jinsi mteremko ulivyokuwa. Ijumaa ni mwezi mpevu. Tutaona kama mstari wetu unapanda siku ile ile maji yanapopanda.